Tonge Linapogoma Kushuka: Kuelewa Shida ya Kumeza kwa Watu Wazima

Saa ya kuona wagonjwa inapofika katika wodi ya wagonjwa wa kiharusi, hotipoti huingia pamoja na ndugu. Ndani yake mna uji wa ulezi, mtori au supu ya kuku. Mgonjwa anainuliwa kidogo kwenye mto, mmoja anashika kijiko, mwingine anambembeleza: “Kunywa, mama, usipokula nguvu utaipata wapi?” Mgonjwa anakohoa, macho yanajaa machozi, anafutwa kidevu, kisha kijiko kinarudi kinywani. Baada ya siku mbili au tatu homa inapanda, pumzi inakuwa fupi, na familia inaelezwa kwamba mgonjwa wao sasa ana nimonia. Ni wachache wanaoihusisha nimonia hiyo na kijiko kile kilichoshikwa kwa upendo.

Katika nyumba nyingine, mwanamume wa miaka hamsini na kitu aliacha kwanza nyama choma, akaacha ugali, na sasa anaishi kwa uji na maziwa. Akiulizwa, anasema chakula kinagoma kifuani. Mkewe anadhani ni vidonda vya tumbo, rafiki anamshauri akakatwe kimeo, jirani anaamini kuna mkono wa mtu. Kwa kuwa uji unapita, hakuna anayeona haraka ya kwenda hospitali, na miezi inakatika.

Familia hizi mbili zitatumia maneno yaleyale mbele ya daktari: “Hawezi kumeza.” Hata hivyo wagonjwa hawa wanaumwa mahali tofauti, kwa sababu tofauti, na hatari zinazowakabili ni kama zimegeuziana migongo. Kwa mgonjwa wa kwanza, maji ya kunywa huenda yakawa kitu cha hatari kuliko chakula chote kilichomo ndani ya hotipoti. Kwa wa pili, maji ndiyo yatakayokuwa ya mwisho kukataa, hali ikiwa imeharibika sana. Ushauri unaomfaa mmoja unaweza kumdhuru mwingine. Shida ya kumeza ni dalili, kama homa ilivyo dalili, na swali la kwanza lenye maana ni kujua safari ya tonge inakatikia wapi.

Safari ya tonge

Mkanganyiko mwingi huanzia katika neno “koo”, ambalo katika mazungumzo yetu hubeba kila kitu kuanzia nyuma ya ulimi hadi kifuani. Tuligawanye. Koromeo ni uwazi ulio nyuma ya kinywa na pua, ambapo hewa na chakula hupita pamoja. Chini yake njia zinaachana: mbele lipo zoloto, yaani kisanduku cha sauti, ambacho ndicho mlango wa bomba la hewa liendalo mapafuni, nyuma upo umio, mrija wa misuli wenye urefu wa karibu sentimita 25 unaopita kifuani na kuishia tumboni. Juu ya zoloto kuna kikunjo laini cha gegedu kiitwacho kidakatonge, ambacho hulala na kuufunika mlango wa hewa wakati wa kumeza.

Fikiria mahali ambapo barabara inakatiza reli. Kwa muda mwingi geti limeinuliwa na magari yanapita bila kuulizwa. Hiyo ni hewa tunayovuta na kutoa. Treni inapokaribia, geti linashushwa, magari yanasimama, treni inapita, kisha geti linainuliwa tena. Katika koromeo kazi hiyo yote hufanyika kwa muda wa sekunde moja hivi: ulimi unasukuma tonge nyuma, kaakaa laini linainuka na kuziba njia ya puani, pumzi inasimama, zoloto linapanda na kujifunga, na mlango wa juu wa umio unafunguka. Weka kidole juu ya kikoromeo chako na umeze mate: utahisi kikipanda na kushuka. Hilo ndilo geti. Mlinzi wake ni ubongo, ambao hutumia mishipa kadhaa ya fahamu kuamrisha misuli mingi iliyo midogo kwa mpangilio usioruhusu hata mmoja wao kuchelewa.

Geti likichelewa, au lisipofunga vizuri, kitu huingia upande wa hewa. Kiswahili kina neno lake zuri: kupaliwa. Kila mtu hupaliwa mara mojamoja, hasa akicheka huku anakunywa, na kikohozi kikali kinachofuata ni askari anayemfukuza mgeni asiyealikwa. Tatizo lipo kwa mtu anayepaliwa karibu kila mlo, na zaidi kwa yule ambaye ugonjwa umemnyang’anya hata kikohozi. Huyo hupaliwa kimyakimya. Maji, uji au mate yake mwenyewe huteremka mapafuni bila yeye kukohoa, na anayemlisha huridhika kwamba amekula vizuri.

Tonge likishavuka njia panda hiyo, mambo hubadilika. Hakuna tena hatari kubwa ya kupaliwa. Iliyobaki ni kazi ya kusukuma. Umio husukuma chakula kama fundi cherehani anavyopitisha lastiki kwenye pindo la sketi, akibana nyuma na kulegeza mbele, hatua kwa hatua. Ndiyo maana mtu aliyelala anaweza kumeza, na hata aliyening’inia kichwa chini. Mwishoni mwa umio pana mlango wa misuli unaolegea kuruhusu chakula kiingie tumboni, kisha hujifunga ili tindikali ya tumbo isipande. Safari hii ya umio huchukua kama sekunde kumi, na mtu mwenye afya haihisi hata kidogo.

Shida inapokuwa koromeoni

Kiharusi ndicho chanzo kinachoongoza cha shida ya ghafla ya aina hii kwa watu wazima. Karibu nusu ya wanaopatwa na kiharusi hushindwa kumeza salama katika siku za mwanzo, hata baadhi ya wale ambao mkono na mguu wao haukupooza sana. Vyanzo vingine huja polepole: ugonjwa wa Parkinson (ule wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa), ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, magonjwa yanayodhoofisha misuli, saratani za kichwa na shingo pamoja na mionzi inayotumika kuzitibu, ambayo inaweza kukausha mate na kukakamaza misuli hata miaka kadhaa baadaye. Uzee wenyewe hupunguza kasi ya kumeza, hilo ni kweli. Lakini uzee peke yake haumfanyi mtu apaliwe kila siku, na mzee anayepaliwa kila siku ana sababu inayopaswa kutafutwa.

Dalili zake huonekana mezani kwa mtu anayeangalia kwa makini. Mgonjwa hukohoa akiwa anakula au mara tu baada ya kumeza. Sauti yake hubadilika na kuwa ya majimaji, kana kwamba anazungumza huku kuna kitu kinachochemka kooni. Chakula hubaki kimejificha shavuni upande uliopooza, mate humtoka, vinywaji humrudia puani, na mlo uliokuwa wa robo saa sasa unachukua saa nzima. Wengine hawaonyeshi lolote kati ya hayo ila homa na kifua kinachojirudia, na huandikiwa dawa za nimonia mara ya pili na ya tatu bila mtu yeyote kuuliza wanakulaje.

Hapa ndipo ilipo dhana potofu ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu imekaa kama huruma: kwamba mgonjwa asipoweza kula, angalau apewe maji. Maji ni mepesi na yana kasi. Yakiwekwa kinywani hayamsubiri mtu. Hutawanyika, hutiririka pembeni mwa ulimi, na hufika mlangoni kwa zoloto kabla geti halijashuka. Tonge laini lililoshikamana hutembea taratibu na kuupa ubongo uliojeruhiwa muda wa kupanga kazi yake. Mtu mwenye shida ya koromeo hupata taabu zaidi kwa chai na maji kuliko kwa ndizi iliyopondwa, jambo ambalo familia nyingi hushangazwa nalo.

Kwa hiyo mtu aliyepatwa na kiharusi asipewe chochote kwa mdomo, iwe chakula, maji au vidonge, mpaka mhudumu wa afya aliyefundishwa apime kumeza kwake. Kipimo cha awali hakihitaji mashine. Mgonjwa akiwa macho na ameketi wima, hupewa maji kidogo sana, kijiko kwa kijiko, huku mpimaji akisikiliza kikohozi na mabadiliko ya sauti. Akishindwa, atalishwa kwa mpira mwembamba unaopita puani hadi tumboni huku akisubiri kupimwa tena. Kibao kilichoandikwa “Asipewe kitu kwa mdomo” juu ya kitanda kinaweza kuonekana kama ukatili kwa ndugu waliosafiri usiku kucha na chakula. Mhudumu akieleza kwa nini kimewekwa, wengi hukiheshimu. Asipoeleza, hotipoti itafunguliwa pazia likishavutwa. Habari njema ni kwamba wengi wa wagonjwa hawa hurejea kumeza ndani ya wiki za kwanza, na hivyo kipimo kinapaswa kurudiwa, kibao kisisahauliwe ukutani.

Anaporuhusiwa kula, namna ya kulisha huwa na uzito sawa na dawa. Aketi wima kabisa, miguu ikiwa imekanyaga chini ikiwezekana, na abaki ameketi kwa karibu nusu saa baada ya mlo. Anayemlisha aketi pia, macho yao yawe usawa mmoja, kwa sababu anayelishwa na mtu aliyesimama huinua uso kumtazama, na shingo iliyonyooshwa nyuma huurahisishia mlango wa hewa kubaki wazi. Kijiko kiwe cha chai, tonge moja limezwe kabla ya jingine kuingia, na asilishwe akiwa anasinzia. Zipo mbinu nyingine, kama kuinamisha kidevu kifuani au kugeuza kichwa upande dhaifu, ambazo humsaidia mmoja na kumdhuru mwingine. Hizo zitumike tu baada ya mtaalamu kumpima mgonjwa mwenyewe. Wataalamu wa tiba ya usemi na umezaji bado ni wachache katika Afrika Mashariki, lakini katika hospitali kubwa inafaa kuuliza kama yupo, kwa sababu familia nyingi hazijui hata kwamba taaluma hiyo ipo.

Kuhusu chakula chenyewe, kuna mfumo wa kimataifa unaopanga vinywaji na vyakula katika ngazi kuanzia 0, ambayo ni maji, hadi 7, ambayo ni chakula cha kawaida. Uzuri wake ni kwamba uzito wa kinywaji hupimwa kwa sirinji ya mililita 10, ile ambayo alama zake kutoka 0 hadi 10 zina urefu wa milimita 61.5. Unatoa kisukumio, unaziba tundu kwa kidole, unajaza uji hadi 10, unaachia kwa sekunde kumi, kisha unaziba tena. Ukitoka wote, uji huo ni sawa na maji. Zikibaki mililita kati ya 1 na 4, ni mzito kidogo sana. Kati ya 4 na 8, ni mzito kidogo. Ukizidi 8, ni mzito wa kati. Usipotoka kabisa, ni wa kulia kijiko. Kipimo hiki kinaondoa ubishi, maana “uji mzito” wa nyumba moja ni “uji mwepesi” wa nyumba nyingine.

Uji una kasoro moja ambayo kila mama aliyelea mtoto ameiona bila kuipa jina. Kijiko kilichotoka kinywani kikirudishwa bakulini, baada ya muda uji huanza kuwa maji. Mate yana kimeng’enya kinachovunja wanga. Kwa mtoto mwenye afya hilo si neno. Kwa mgonjwa aliyeruhusiwa vitu vizito tu, bakuli lililokuwa salama mwanzoni mwa mlo linaweza kuwa la hatari mwishoni. Dawa yake ni kuteka sehemu ndogo pembeni na kutorudisha kijiko kilicholambwa kwenye chungu. Inafaa pia kusema wazi kwamba kuzidisha uzito wa vinywaji si suluhisho lisilo na gharama: wagonjwa wengi hawavipendi, hunywa kidogo, na hupungukiwa maji mwilini, wakati ushahidi kwamba vinywaji hivyo huzuia nimonia si wa nguvu kama wengi wanavyodhani. Uamuzi huo ufanywe kwa mgonjwa mmoja mmoja, na upitiwe upya.

Katika vyakula vyetu, vinavyosumbua ni vile vyenye sura mbili kwa wakati mmoja. Wali na mchuzi mwepesi wa maharage, supu yenye vipande vya nyama, chungwa, mkate uliochovywa kwenye chai: kimiminika hukimbia mbele huku kigumu kikibaki kinatafunwa. Punje za wali mkavu hutawanyika, karanga na bisi huvunjika vipande vikali, chapati huvutika, majani marefu ya mchicha hunasa. Mtori uliosagwa ukawa laini, viazi vilivyopondwa kwa maziwa, ugali laini uliolainishwa kwa mchuzi mzito, parachichi na papai bivu huwa rahisi zaidi kwa wengi.

Jambo moja halitajwi mara nyingi nalo lina nguvu kubwa: mswaki. Kinachoyaunguza mapafu mara nyingi ni bakteria wa kinywani wanaoteremka pamoja na mate, na mate huteremka hata kwa mtu asiyekula kitu. Kinywa cha mgonjwa kisafishwe angalau asubuhi na usiku, meno bandia yatolewe na kuoshwa, na mashavu yakaguliwe baada ya kila mlo. Anayelishwa kwa mpira anahitaji usafi huu kama anayekula, pengine zaidi.

Shida inapokuwa kwenye umio

Mgonjwa wa nyumba ya pili hasumbuliwi na kupaliwa. Tonge lake linavuka koromeo vizuri, kisha linasimama. Daktari mwenye subira atamuuliza mambo mawili kabla ya kipimo chochote: ni vyakula gani vilivyoanza kukataa, na hali imekwendaje tangu ilipoanza. Majibu ya maswali hayo hueleza mengi. Shida iliyoanza na vitu vikavu, kisha ikasogea kwenye vyakula laini, na hatimaye vinywaji, huashiria njia inayozidi kuwa nyembamba. Shida iliyoanza na vikavu na vinywaji kwa pamoja huelekeza kwenye misuli au mishipa ya fahamu ya umio, kama ule ugonjwa ambao mlango wa chini haulegei na chakula hurundikana juu yake. Na mtu ambaye hasa analalamikia maumivu wakati wa kumeza huenda ana vidonda au fangasi wa umio, ambao huwapata zaidi wenye kinga dhaifu; akiwa na utando mweupe kinywani na hajui hali yake ya VVU, apime, kwa sababu fangasi hao wana dawa na VVU ina dawa.

Kidole cha mgonjwa kinaweza kudanganya. Kizuizi kilicho chini kabisa, karibu na tumbo, wengi hukihisi shingoni. Mtu akionyesha shingo, isichukuliwe kwamba umio wake wa kifuani ni salama.

Umio wa mtu mzima hutanuka zaidi ya sentimita 2, na kwa sababu hiyo huvumilia sana. Vyakula vikavu huanza kukwama mara kwa mara njia inapobaki na upana wa milimita 13 hivi au chini ya hapo. Yaani mtu anapoanza kuteremsha ugali kwa glasi ya maji, ugonjwa tayari umeshatwaa sehemu kubwa ya njia. Kuhamia kwenye uji kunampa nafuu ya kweli, na nafuu hiyo ndiyo mtego. Kila anapobadili chakula anaununulia ugonjwa muda.

Nasisitiza hili kwa sababu tunaishi ndani ya ukanda wenye saratani ya umio kwa wingi usio wa kawaida, ukanda unaoanzia Ethiopia na kushuka kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini. Katika sehemu za Bonde la Ufa nchini Kenya si ajabu kukutana na wagonjwa walio chini ya miaka 40, na Hospitali ya Tenwek iliyoko Bomet imejulikana kwa miaka mingi kwa kuwawekea wagonjwa wake stenti, bomba la wavu linalotanua njia iliyozibwa na uvimbe. Tumbaku na pombe huongeza hatari, na vinywaji vya moto sana pia vimo katika orodha: mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi miongoni mwa vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Si majani ya chai yanayoshutumiwa, ni joto lake. Chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja na maziwa yake hufika mezani ikiwa moto kuliko ile iliyoongezewa maziwa baridi kikombeni, na sisi wengi tumelelewa tukiamini kwamba chai isiyounguza ulimi imepoa. Kuiacha dakika chache hakugharimu kitu.

Saratani si sababu pekee. Kiungulia cha miaka mingi huacha kovu linalobana sehemu ya chini ya umio, na kovu hilo linaweza kutanuliwa hospitalini. Waliowahi kumeza maji ya betri au kemikali kali za kutengenezea sabuni hubaki na umio uliokakamaa. Vidonge navyo huunguza: doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, iliyomezwa kwa fundo moja la maji na mtu akalala papo hapo inaweza kuganda ukutani mwa umio na kuchimba kidonda. Vidonge vimezwe kwa glasi nzima ya maji, mtu akiwa ameketi au amesimama. Asiyeweza kuvimeza amuulize mfamasia kabla ya kuvisaga, kwa sababu baadhi vimetengenezwa viyeyuke kidogo kidogo, na vikisagwa humwaga dozi yote mara moja.

Kipimo kinachotafutwa hapa ni endoskopi, ambayo watu huiita kipimo cha kamera: mrija mwembamba hupitishwa kinywani, daktari anauona ukuta wa umio kwa macho, na akiona kidonda au uvimbe huchukua kinyama kidogo cha kupeleka maabara. Mahali ambapo haipo, picha ya eksirei baada ya kumeza bariamu, kimiminika cheupe kinachoonekana kwenye eksirei, huonyesha mahali palipobana. Hospitali za rufaa kama Muhimbili, KCMC na Bugando nchini Tanzania, au Kenyatta na Moi nchini Kenya, hufanya endoskopi. Wengi huiogopa kwa kusikia kwamba huamsha saratani iliyolala. Kinachotokea ni kwamba wanaifikia wakiwa wamechelewa, saratani imekwisha kukomaa, na kifo kinachofuata huhesabiwa juu ya kipimo. Ikigunduliwa mapema, upasuaji, mionzi na dawa huwa na nafasi ya kuponya. Ikichelewa, stenti na mionzi vinaweza angalau kumrudishia mtu uwezo wa kula.

Mtu mzima ambaye chakula kimemkwama mara kwa mara kwa zaidi ya wiki mbili au tatu asisubiri dawa za vidonda vya tumbo zimalize kozi yake. Akiwa pia amepungua uzito, sauti imekwaruza bila mafua, anatapika damu au anapata choo cheusi kama lami, aende mapema zaidi. Asiyeweza kumeza hata mate yake aende siku hiyohiyo.

Kimeo, mwiba na uvimbe usioonekana

Kimeo, au kimio, ni kile kinyama kidogo kinachoning’inia nyuma ya kaakaa. Kwa miaka mingi kimelaumiwa kwa kikohozi kisichokwisha, kutapika na kushindwa kumeza, na mafundi wa mitaani bado wanakikata kwa wembe au kisu. Nakiri kwamba mantiki yake inavutia: mtu anajitazama kwenye kioo, anaona kitu kimening’inia njiani, anahitimisha kwamba ndicho kinachomziba. Lakini hakizibi umio, ambao umo chini yake na haumo katika kioo chochote. Ukataji huu umesababisha kuvuja damu kusikozuilika, usaha wa shingoni, maambukizi na vifo. Na kwa mwenye saratani ya umio unamwibia pia wiki za thamani anazokaa akisubiri kidonda kipone ili aone kama kumeza kumerudi.

Mwiba wa samaki una tiba yake maarufu, tonge kubwa la ugali au ndizi lisilotafunwa. Wakati mwingine mwiba huteremka, na hivyo sifa ya tiba hiyo hudumu. Wakati mwingine tonge huukandamiza mwiba ndani ya nyama, na kilichokuwa kazi ya dakika tano ya daktari wa koo hugeuka jipu au tundu kwenye umio. Ikiwa maumivu ya mchomo yanaendelea, mtu aache kula na aende hospitali.

Wapo pia wanaohisi donge kooni siku nzima, ilhali chakula na maji vinapita bila shida yoyote. Tena wakila, donge hutoweka. Hisia hiyo ni ya kweli. Mara nyingi hutokana na misuli iliyokaza, kiungulia au wasiwasi mwingi, na baada ya daktari kukagua koo na shingo, wengi hutulizwa kwa kujua kwamba hakuna kilichoziba. Kinachomtofautisha mtu huyu na mgonjwa wa umio ni ugali: wake unapita.

Vilevile kukwama kusichanganywe na kukabwa. Aliyekwamiwa na nyama kwenye umio anaumia na kutema mate, lakini anapumua na kuzungumza. Aliyekabwa njia ya hewa hawezi kutoa sauti, anashika shingo, midomo inabadilika rangi. Anayeweza kukohoa aachwe akohoe, asipewe maji. Asiyeweza, ainamishwe mbele na apigwe kwa kiganja katikati ya mabega mara tano. Kisigino cha kiganja ndicho kinachopiga. Isipotosha, msaidizi asimame nyuma yake, amzungushie mikono, aweke ngumi juu ya kitovu na avute kwa nguvu ndani na juu mara tano, akipokezanisha mapigo ya mgongoni na mivuto hiyo huku msaada ukiitwa. Mjamzito huvutwa kifuani, si tumboni.

Mpira na sinia

Mpira wa kulishia, uwe wa puani au ule unaopitishwa ukutani mwa tumbo kwa wanaouhitaji kwa muda mrefu, huchukuliwa na familia nyingi kuwa tangazo la kifo. Kwa wagonjwa wengi wa kiharusi ni daraja la muda. Kwa mwenye ugonjwa wa kusahau uliofikia hatua za mwisho, hali ni tofauti: mpira huo haujaonyeshwa kurefusha maisha wala kuzuia nimonia, na kumlisha kwa mkono, polepole, kiasi anachokitaka mwenyewe, mara nyingi ni uangalizi bora zaidi. Uamuzi huo ni mzito na unastahili kikao cha familia pamoja na daktari, si agizo la haraka wakati wa zamu ya usiku.

Kwa wengi wanaoishi na shida hii miaka na miaka, kinachowaumiza kuliko njaa ni aibu. Kwetu chakula huliwa pamoja, na sinia lina mwendo wake. Anayetafuna tonge moja mara ishirini hukuta wenzake wamemaliza na mikono inanawishwa, kwa hiyo ama anaharakisha na kupaliwa mbele za watu, ama anasingizia kwamba ameshiba, na baada ya muda anaanza kulia chakula chumbani peke yake, mahali ambapo akikabwa hakuna atakayemwona. Apewe sahani yake, kwenye mkeka uleule. Televisheni izimwe na asiulizwe swali akiwa na tonge kinywani. Aanze kula robo saa kabla ya wengine, ili wote wanawe pamoja.